Desimali Iliyopita Mlangoni kwa Evaristo Pedroso

Saa tatu kasoro robo asubuhi, baada ya kumaliza gazeti, msomaji Anselmo Quiala alikunywa maji, akafuta miwani, akawatupia wasokota sigara swali la siku. Katika kiwanda chetu pale Cabaiguán, katikati ya kisiwa, msomaji hukaa jukwaani akawasomea wafanyakazi huku mikono yao ikishughulika na majani ya tumbaku, na wao wenyewe ndio humchagua kwa kura. Evaristo Pedroso alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono siku Quiala alipochaguliwa. Alisema bwana huyu ana sauti. Sasa kila akiukumbuka mkono ule alitaka kuuficha mfukoni.

"Sufuri nukta, halafu sufuri zisizokwisha, halafu moja," alisema Quiala. "Hiyo moja inakaa wapi?"

"Kwa fundi wetu wa paa," alijibu Nereida, mke wa Evaristo, aliyesokota naye benchi moja. "Tangu mwaka juzi yuko njiani."

Ukumbi mzima ukagonga mezani visu bapa vya kukatia majani. Ndiyo makofi yetu.

"Si sahihi," alisema Quiala, "ila hakuna lililo sahihi. Haya, moja gawa kwa tatu. Sufuri nukta tatu, tatu, tatu. Ya mwisho ni ngapi?"

"Tatu," alijibu Nereida.

"Na baada yake?"

"Tatu, bwana we!"

"Na baada yake?"

Nereida alicheka mpaka jani likampasukia mkononi. Evaristo alikuwa ameishi naye miaka ishirini na miwili bila kuliona jino lake la nyuma kabisa. Siku ile aliliona, na likamuuma yeye.

Alhamisi desimali ilianza kutoka chini ya jukwaa. Tarakimu zilikuwa nyeupe, kila moja ndefu kama kidole, tatu baada ya tatu bila kukoma. Zilipita katikati ya mabenchi zikatoka nje. Mfagiaji alizipiga deki mara mbili, zikabaki kavu. Msimamizi alibandika tangazo kwamba kuzikanyaga kunaruhusiwa, mradi kiatu kiwe safi.

Jumamosi zilifika mtaani kwa Evaristo, zikapita chini ya dirisha lake, zikagusa kizingiti na kuendelea.

"Quiala amemwandikia mke wangu barua," alisema Evaristo. "Tena mbele ya watu!"

"Zimepita na kwangu," alimjibu jirani yake, bibi Obdulia. "Mimi nina miaka sabini na tisa. Utanionea wivu na mimi, mwanangu?"

Wivu ni kidonda, na cha Evaristo kilimshukia miguuni. Aliamua kuufuata mstari mpaka mwisho, aichukue ile tarakimu ya mwisho, aje kuiweka mezani mbele ya Nereida. Hapo tungeona nani angechekewa. Aliomba likizo. Kwenye fomu, penye sababu, aliandika "kufuatilia desimali", na msimamizi akatia saini.

"Mimi sikuombi tarakimu," Nereida alimwambia mlangoni.

"Najua unachotaka," alisema Evaristo, akaondoka.

Alielekea mashariki. Watu wa Camagüey walimpa mihogo ya kitunguu saumu na kumwambia tarakimu zilipita Jumanne, hazikukosea njia. Kule Baracoa, ncha ya mashariki ya kisiwa, mstari ulifika mchangani, ukageuka kabla ya maji, ukarudi kwa pwani ya kaskazini. Alivaa na kumaliza jozi nne za viatu. Kila jioni aliinama akasoma tarakimu iliyofuata, isije ikawa nne. Ilikuwa tatu. Njia nzima alimwona Quiala akilini, ameketi kwenye kiti chake, anakunywa kahawa yake, anauliza, na Nereida anacheka.

Mwezi wa saba wa safari mstari ulimrudisha Cabaiguán. Haukuungana na ule wa kwanza. Ulipita shubiri moja kando yake, ukagusa kizingiti kile kile, ukaelekea magharibi.

Nereida alikuwa ameketi mlangoni. Alimkaribisha, akamtilia kahawa. Alimwambia paa bado linavuja, na kwamba Quiala alioa tangu Machi, alimwoa Zenaida wa kupiga mihuri masanduku, na harusi ilifana.

"Bado kidogo tu nifike," alisema Evaristo.

"Kaa, mume wangu. Unajua kwa nini nilicheka siku ile?" Nereida alivuta kiti chake karibu. "Kwa sababu niliulizwa. Miaka ishirini na miwili wewe hujaniuliza kitu, ila shati liko wapi. Niulize sasa. Lolote, hata lisilo na jibu."

Evaristo alishika kikombe kwa mikono miwili. Nereida alimngojea, uso umemchangamka kama siku ile kiwandani.

"Quiala amewahi kupiga hodi hapa?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alivaa kofia, akauinamia mstari, akaelekea magharibi.

Ameshakizunguka kisiwa mara tisa sasa, na kiwanda kinamhesabu yuko likizo. Kila akipita hukuta kahawa, hukaa, huuliza lile lile. Mara hii ya tisa Nereida aliweka kikombe mezani na kusema "Hapana" kabla mumewe hajafungua mdomo. Evaristo alimshukuru, akanywa, akaenda.