Kicheko cha Jumamosi

Kila Jumamosi saa nane mchana Verediane alifunika cherehani kwa shuka, akaondoa mabaki ya vitambaa kwenye benchi na kuuacha mlango wazi nusu. Duka lake la ushonaji lilikuwa Gisenyi, mji wa mpakani, kwenye barabara inayoteremka kutoka sokoni kwenda ziwani, na saa hiyo wateja walikuwa wachache. Wa kwanza kuingia alikuwa Karangwa, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kutoka Tanzania na sanduku la bati lililojaa riwaya za kuchekesha. Baada yake alifika Twagirimana, fundi wa injini za boti, mikono yake ikinuka petroli, na Verediane akamkumbusha asiguse kitambaa cheupe. Walisoma kwa zamu, kwa sauti, halafu wakabishana, halafu kila mmoja akashika njia yake kabla jua halijazama. Ilikuwa mwaka 1998, na watu walikuwa wakipotea.

Ubishi wao ulikuwa mmoja, na haukuisha. Karangwa alikuwa upande wa mwandishi aliyejiita Sudi Makolokolo, ambaye katika ufalme wake mchawi mkuu haoni mbali, na kila akitaka kumgeuza adui kuwa chura humgeuza shemeji yake. Twagirimana alikuwa mtu wa mwandishi mwingine aliyejiita Ndimu. Joka la Ndimu haliunguzi kijiji mpaka lipate barua yenye muhuri, na wanakijiji hulisaidia kupanga foleni.

"Makolokolo anawapenda watu wake," Karangwa alisema. "Hata mjinga humo ana heshima zake. Ndimu kazi yake kuuma tu."

"Anauma pale kidonda iko, Mwalimu," Twagirimana alijibu. "Mi nikisoma Makolokolo nacheka, nasahau. Nikisoma Ndimu nacheka, kisha natoka inje, naona joka imesimama pale kwa kona na muhuri mukononi."

"Sasa kama ni kweli, unacheka nini?"

"Njo maana nacheka."

Verediane hakuwa na upande. Alichopenda yeye ni kwamba kwa waandishi wote wawili wafu hawakai kaburini. Huamka wakilalamika kuwa sanda inabana. Kama fundi nguo, aliona hayo ni malalamiko ya haki.

Kicheko cha Twagirimana kilijulikana mtaa mzima. Kilianza na kwikwi mbili fupi, kikafuata mngurumo mrefu kama injini inayokataa kuwaka. Mwezi wa tatu kilisikika mahali kisipotakiwa. Bizumuremyi, mfanyabiashara wa viazi mwenye lori, ndiye aliyekuwa akipanga doria ya mtaa, na siku hiyo aliwakusanya watu awasomee majina ya watakaolinda. Alisoma jina la mtu aliyezikwa wiki iliyotangulia. Akakohoa, akageuza karatasi, akalisoma tena, akauliza kwa nini mtu huyo haitikii. Watu waliinama wakatazama viatu vyao. Twagirimana alipiga kwikwi mbili, kisha akanguruma mpaka akakaa chini.

Bizumuremyi alingoja amalize. Kisha akaendelea kusoma.

Alhamisi ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, Twagirimana alichukuliwa ufukweni na wanaume wanne. Watu thelathini walikuwa pale wakinunua sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na wote thelathini walikuwa wakitazama sambaza.

Jumamosi Karangwa alikuja kama kawaida, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Alifungua kitabu cha Ndimu pale alipokuwa ameishia Twagirimana. Joka limefika ofisini, karani analiambia barua yake haina tarehe, joka linaomba kuazima kalamu. Karangwa alipofika kwenye kalamu, zilisikika kwikwi mbili na mngurumo mrefu. Sauti ilitoka upande wa ziwa, mbali kidogo, kama ya mtu anayecheka ng'ambo ya ukuta.

Karangwa aliweka kidole kwenye mstari. "Amelipenda hilo," alisema.

"Soma polepole," Verediane alisema, "isimupite."

Tangu hapo kicheko kilihudhuria kila Jumamosi. Kwa Makolokolo kilicheka kifupi, kwa adabu. Kwa Ndimu kilicheka mpaka vioo vikatetemeka. Karangwa alisema haikuwa haki, kwani Ndimu sasa alikuwa na kura mbili, ya Twagirimana na ya kicheko chake, dhidi ya moja, na Verediane akamwambia kwamba yeye hajapiga kura bado.

Wiki ya tatu alikuja Mukabalisa, mama yake Twagirimana, akitembea kwa miguu kutoka Cyanzarwe. Alikuwa ameshazunguka ofisi zote. Kila mahali walifungua daftari, wakapitisha kidole kutoka juu hadi chini, wakamwambia mtu wake hayumo. Alikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Kiswahili cha vitabuni kilimpita, lakini kicheko kilipokuja aliinua kichwa.

"Ni yeye," alisema. "Hiyo ya pili anaivutaka hivyo tangu mutoto. Iko anakula?"

"Hatujui, mama," Verediane alijibu.

"Mutu hawezi kucheka hivyo na njaa." Alilifikiria jambo hilo mpaka wakati wa kuondoka.

Alirudi kila Jumamosi na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya kitambaa, vinne, kila mmoja wao akila kimoja na cha nne kikiachwa kwenye benchi. Kicheko nacho kilikuwa kikisogea. Wiki moja kilitoka ziwani, wiki iliyofuata kilitoka barabarani, iliyofuata kwenye duka la jirani. Verediane alitambua kwamba alikuwa akikihofia. Kitu kinachosogea hivyo kitafika, na yeye ndiye mwenye mlango.

Kilifika Jumamosi ya mwanzo wa mwezi wa tano, saa tisa na nusu, kwapani mwa Bizumuremyi.

Bizumuremyi aliingia, akawaamkia wote vizuri, akamwamkia na Mukabalisa kwa mikono miwili, na kumpa Verediane koti la kijivu alilolibeba kwapani. "Linanibana mabega, madame. Uliongeze kidogo. Jumatano nalihitaji, nina mukutano." Kisha akaona kitabu. "Ah, iko munasoma! Endelea, Mwalimu. Endelea, mi nasikiliza."

Karangwa hakuona namna ya kukataa. Alisoma. Wanakijiji wanaligombeza joka kwa kuchelewa. Wamekwisha kuoga, wamevaa, na hakuna kinachoungua. Koti likacheka mikononi mwa Verediane. Alizihisi zile kwikwi mbili kwenye vidole, kisha mngurumo ukampanda hadi viwikoni.

Aligeuza bitana. Ilikuwa ya samawati, mabaki ya majoho ya kwaya, na mfuko wa ndani ulikuwa na kipimo cha kitabu kimoja kidogo. Mshono ulikuwa wake. Alikuwa ameushona Krismasi, kwa ajili ya Twagirimana.

"Ulilitoa wapi, bwana?" aliuliza, na akashangaa kwamba sauti ilikuwa yake.

"Nililinunua," Bizumuremyi alisema. "Linachekaka. Mwanzo inasumbua, kisha unazoea." Alitazama saa, akaaga, akaondoka.

Karangwa alifunga kitabu. Mukabalisa alisimama, akalichukua koti, akalinusa kola, akalirudisha.

"Usilikate," alisema. "Pengine utamukata."

Jumatatu Verediane na Karangwa walilipeleka koti kwenye ofisi ya serikali, kwa mkubwa mmoja aliyesifiwa kuwa msikivu. Karangwa alikuwa hajalala siku mbili, na alikuwa amepiga pasi shati lake. Walilitandaza koti juu ya meza. Verediane alionyesha bitana, akaonyesha mshono, akasema ni nani aliyeshonewa na ni nani aliyelileta. Kisha Karangwa akasoma kurasa mbili. Koti lilicheka mara tatu.

Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Mara ya tatu naye alicheka, akafuta macho, akauliza kitabu kinaitwaje na kama kinaweza kuazimwa. Alichukua karatasi akaandika: koti moja, la kijivu, la kiume, linacheka. Akapiga muhuri.

"Mwenye koti ni nani?" aliuliza.

"Ni Twagirimana," Verediane alisema.

"Aliyelileta kwako."

"Bizumuremyi."

"Bon. Basi mulirudishe Jumatano kama mulivyoagana naye. Kukaa na koti ya mutu mwingine ni wizi, madame, na sipendi nikuandike." Aliwasindikiza hadi mlangoni. Kitabu alibaki nacho.

Njiani kurudi Karangwa alisimama kando ya ukuta wa mawe meusi, akasema kwa sauti ndogo, "Nimekuwa nikimtetea Makolokolo miaka kumi na miwili."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Huyu mkubwa ametoka kitabu gani? Kwa Makolokolo angeteleza akaanguka. Kwa Ndimu angalau tungejua kwamba ni joka."

Jumanne kutwa Verediane alilishughulikia koti. Alifumua mabega uzi mmoja mmoja bila mkasi, akaongeza vipande viwili vya kijivu alivyovitafuta hadi Goma, ng'ambo ya mpaka, ndipo vikafanana. Kila sindano ilipoingia karibu na kwapa, koti lilicheka kwa kutekenywa. Mara moja alifikiria kulificha na kusema limeibwa. Aliwaza wanaume wanne, na watu thelathini, na ni wangapi wangetazama sambaza kwa ajili yake. Akaendelea kushona. Alishona vizuri, kwa sababu alijua litavaliwa siku nyingi.

Jumatano Bizumuremyi alilivaa mbele ya kioo, akanyoosha mikono, akasema limekaa sawasawa. Alikwenda nalo mkutanoni, na aliposoma majina ya doria koti lilicheka. Jumapili lilicheka kanisani, wakati wa matangazo. Katika wiki ya kwanza watu waligeuka. Katika wiki ya pili hawakugeuka. Wengine walisema Bizumuremyi amekuwa mtu wa furaha tangu alipopata koti lile, na kina mama wa sokoni walipomwamkia walimwamkia mara mbili, ya pili wakilitazama koti.

Jumamosi alikuja dukani na akapewa benchi. Alikuja na iliyofuata. Karangwa alisoma kitabu kingine cha Ndimu kutoka sandukuni, sauti yake ikiwa imekauka, na baada ya kusoma Bizumuremyi alikuwa wa kwanza kuanzisha ubishi, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba huo ndio utaratibu.

"Munabishana bure," alisema. "Hivi vitabu ni vizuri juu ya kitu moja. Mule ndani kila mutu anajua joka iko wapi, na kila mutu anaendelea kupika. Hakuna anayepiga makelele. Njo inanipa raha."

Walingoja koti liseme kitu. Halikucheka. Karangwa aliinua macho kumtazama Verediane, na Verediane akatazama cherehani yake iliyofunikwa. Hiyo ndiyo siku aliyojua kwamba hatapiga kura kamwe.

Mukabalisa aliomba kitabu kisomwe tena, pale penye kuchekesha sana, hata kama wamepasoma. Alihama kutoka mlangoni, akakaa kwenye benchi kushoto kwa Bizumuremyi, karibu kabisa, sikio lake likikaribia bega la kijivu. Bizumuremyi alisogea kumpa nafasi. Karangwa alisoma. Kicheko kilikuja, kwikwi mbili na ule mngurumo, na mama akafumba macho mpaka kikaisha chote.

Saa kumi na moja upepo wa ziwani ulianza kuingia mlangoni. Bizumuremyi alisimama aende, koti likiwa wazi kifuani. Mukabalisa naye alisimama.

"Inje kuko baridi," alisema.

Akamfunga vifungo, cha chini kwanza, kisha cha katikati, kisha cha juu, na akalainisha kola kwa viganja vyake viwili. Bizumuremyi alisimama wima, mikono kando, akangoja amalize.