Karatasi za Mazoezi za Fundi Makame

Fundi Makame Khatibu alipopata kiharusi alilazwa siku tisa, na siku ya kumi akatoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe, amevaa koti la kijivu alilolishona kwa mkono wake. Watu wa Iyunga, Mbeya, waliokwenda kumpa pole walirudi makwao wamefurahi. Mdomo haukupinda. Mkono ulishika kikombe cha chai bila kutetemeka. Aliwauliza habari za watoto wao kwa majina, akawatania kama zamani. Mkewe, Shufaa, alichinja majogoo wawili, akaita majirani wasome dua ya kushukuru.

Lakini wiki ya tatu ikapita, na ya tano nayo ikapita, Shufaa hajamwona fundi akifungua kibanda chake cha kushonea. Mara alisema mgongo unauma. Mara akasema umeme unakatikakatika.

"Cherehani yako ni ya kukanyaga, Baba Mwanahawa," Shufaa alimwambia. "Umeme unakuhusu nini?"

 Fundi alinyanyuka akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Ndipo Shufaa akampigia simu binti yao wa pekee, Mwanahawa, aliyekuwa na duka la steshenari Kihesa, mjini Iringa.

"Baba yako simwelewi," alisema. "Anakula, anasali, anaongea vizuri. Ila kazi ameikataa. Miaka thelathini na nne amewashonea wanafunzi sare, leo hataki hata kuona futi yake ya kupimia. Mchukue akae kwako kidogo. Labda akibadilisha hewa atachangamka."

Hivyo Makame akaja Iringa mwanzoni mwa Juni, wakati wa baridi kali. Kila asubuhi alitoka na binti yake mpaka dukani, akakaa kwenye kiti karibu na printa, mahali penye joto kidogo.

Wateja wakubwa wa Mwanahawa walikuwa walimu wa madarasa ya chini. Walileta karatasi za mazoezi ya kusoma, kuandika na kuhesabu, yeye akazichapa vizuri kwenye kompyuta na kutoa nakala za darasa zima. Aliyekuja mara nyingi zaidi ni Mwalimu Frida wa darasa la kwanza, ambaye mazoezi yake aliyatunga mwenyewe. Kulikuwa na herufi za vidoti ili mtoto apitishe penseli juu yake, picha za bata na chungu zenye nafasi ya kuandika jina, na hesabu za kujumlisha vijiti. Printa ilikuwa kuukuu. Katika kila nakala themanini, kumi zilitoka zimepinda au zimefifia, na hizo Mwanahawa alizitupa kwenye boksi chini ya meza, pembeni ya kiti cha baba yake.

Alhamisi moja Mwanahawa alitaka kwenda katikati ya mji kununua wino. Akaweka bahasha mbili juu ya meza.

"Baba, Mwalimu Frida akija mpe iliyoandikwa Darasa la Kwanza. Hiyo nyingine ni ya mwalimu wa darasa la tatu."

Aliporudi alimkuta Mwalimu Frida amesimama mlangoni na bahasha mkononi, anacheka.

"Dada, watoto wangu kuhesabu hata kumi hawajafika, wewe unawapa kuzidisha?"

Mwanahawa aliomba radhi, akambadilishia. Mwalimu alipoondoka akamgeukia baba yake. "Baba, si imeandikwa hapo juu, tena kwa herufi kubwa?"

"Nilipitiwa," alisema Makame, macho yakiwa sakafuni.

Jioni ile, baada ya chakula, Mwanahawa alimwona akichukua pakiti mbili za dawa na kuzibonyeza kwa vidole, kama anayechagua vifungo. Alimuuliza ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya jioni. Makame akasema, "Ya jioni ni hii yenye vidonge vikubwa." Alikuwa sahihi. Lakini maneno juu ya pakiti hakuyaangalia kabisa, na hilo likamkaa binti yake moyoni. Alimjua mama mmoja pale Kihesa ambaye baba yake alianza na vitu vidogo vidogo vya namna hiyo, mpaka ikafika siku akawauliza wanawe wao ni akina nani. Kesho yake Mwanahawa alijifungia kwenye chumba cha nyuma ya duka, katikati ya makatoni ya karatasi, akalia, akajifuta kwa khanga, akatoka kuhudumia wateja.

Jumatatu asubuhi alivuta boksi la chini ya meza atafute karatasi za kukata vipande vya kuandikia. Zilizokuwa juu hazikuguswa na penseli. Chini yake akakuta karatasi kumi na nne ambazo mtu alikuwa amezifanyia kazi.

Alidhani ni mtoto wa mteja. Akaangalia tena. Penseli ilipita juu ya kila kidoti bila kutoka nje hata mara moja, kwa mgandamizo ule ule, kama mshono wa mashine. Mtoto wa darasa la kwanza haandiki hivyo. Aligeuza karatasi moja. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko alioujua tangu utotoni, ule wa daftari la vipimo la kibandani: *Makame Khatibu. Fundi nguo. Iyunga Mbeya. Mungu nisaidie.*

Baba yake alikuwa nje ameketi kwenye benchi, anaota jua. Mwanahawa akakaa karibu naye.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

"Hii umeandika wewe?"

Makame aliipokea karatasi akaitazama, kisha akamtazama binti yake. "Umeitoa wapi?"

"Kwenye boksi. Nisomee ulichoandika."

Lori la mbao lilipita barabarani, likaishia kwenye kona. Makame alikuwa bado ameshika karatasi.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kusoma. Kuandika naandika, mkono unakwenda wenyewe. Nikimaliza, nikikiangalia nilichoandika, naona mikwaruzo tu, kama kuku amepita. Hata jina langu. Hata namba kwenye futi."

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu hospitali. Nesi alinipa fomu niweke sahihi, nikaweka. Nilipoitazama ile fomu sikuona herufi hata moja ninayoijua. Nikadhani ni dawa. Nikasubiri zitoke mwilini." Akavuta pumzi. "Niliporudi nyumbani, siku moja mama yako ameenda sokoni, nilifungua kibanda nikampima mtoto mmoja kiuno. Futi ninayo mkononi, namba ziko pale, na mimi sijui ni ishirini na nne au arobaini na mbili. Nikamwambia mama yake aje wiki ijayo. Sikufungua tena."

"Na kwa nini hukutuambia?"

"Ningesema nini? Fundi mzima, nina miaka sitini na mbili, sijui a wala be? Mngesema nimeanza kuwehuka. Na mimi mwenyewe niliogopa hivyo hivyo."

Mwanahawa alianza kucheka huku machozi yakimtoka. Makame akamshangaa.

"Unanicheka?"

"Sikucheki, Baba. Mimi nilidhani unatusahau. Nilidhani kuna siku utaniuliza mimi ni nani."

"Nikusahau wewe?" Makame alikaribia kukasirika. "Ulizaliwa Ijumaa, mvua inanyesha, mkunga akachelewa, mimi ndiye niliyechemsha maji. Niulize chochote unachotaka. Kilichoniondoka ni maandishi tu."

Mwanahawa alihisi kama mtu aliyetua ndoo kubwa ya maji kutoka kichwani. Alipotulia aliuliza, "Sasa hizi karatasi ulikuwa unafanya nazo nini?"

Makame alisogea karibu, na kwa mara ya kwanza tangu afike Iringa sauti yake ikapata uhai. "Kuna kitu nimekigundua. Ukinionyesha herufi, siijui. Lakini nikipitisha penseli juu ya vidoti, mkono unaniambia. Tazama." Akaigeuza karatasi upande wa vidoti, akaweka kidole, akafumba macho, akaifuata herufi ya kwanza, akapanda na kushuka mara mbili. "Hii ni m. Hii… a. Ma." Kidole kikaendelea polepole. "Mama. Imeandikwa mama. Sivyo?"

"Ndivyo, Baba."

"Jicho ndilo lililosahau. Mkono haujasahau."

Walimpigia Shufaa pale pale, simu ikiwa kwenye sauti kubwa. Mwanahawa alimweleza kila kitu. Upande wa pili wakasikia, "Alhamdulillahi!"

"Mama, umeelewa lakini? Baba hawezi kusoma."

"Nimeelewa. Mimi nilidhani amenichoka. Nilikuwa nawaza huyu mwanaume anataka kuniacha hajui aanzie wapi. Kusoma? Kusoma si mtu anafundishwa?"

Makame alijifunika uso kwa kiganja, mabega yakawa yanamtikisika kwa kicheko.

Wiki hiyo walikwenda hospitali, pale pale Iringa. Daktari alimpima, akamwonyesha picha, akamwuliza maswali mengi. Mwisho akawaambia kwamba kiharusi kiligusa sehemu ya ubongo inayotambua maandishi, na kwamba akili yake ni nzima. Akauliza ni nani aliyemfundisha kufuatisha herufi kwa mkono.

"Hakuna," alisema Makame. "Niliokota karatasi mbovu."

"Basi endelea nazo. Hiyo ndiyo njia ambayo ningekuelekeza. Siwezi kukuahidi kwamba utasoma kama zamani, lakini utasoma."

Mwalimu Frida alipoelezwa hakucheka. Alikuja dukani kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, akavuta stuli na kumsalimu Makame kwa Kihehe, "Kamwene," naye akaitikia. Walianza na silabi, ba be bi bo bu, kisha maneno mafupi. Makame alikuwa na lalamiko moja tu.

"Mwalimu, mimi ni mtu mzima. Huyu bata wa nini?"

"Ukiweza kuandika jina lake na kunisomea, nitamwondoa."

Makame aliandika, akapitisha kidole, akasoma. Karatasi ya wiki iliyofuata haikuwa na bata. Mwanahawa alikuwa ametengeneza mpya, za baba yake peke yake, herufi kubwa za vidoti: kola, kiuno, mkono, paja, pindo. Chini yake aliweka namba, kuanzia moja mpaka sitini, na hesabu za kujumlisha na kutoa kama zile anazofanya fundi anapoacha nafasi ya mshono.

Haikuwa safari nyepesi. Kulikuwa na siku b na d zilimchanganya asubuhi nzima. Sita na tisa zilimtesa mwezi mzima. Siku moja alitupa penseli ikaingia chini ya printa, akasema yeye na shule basi, arudishwe kwake Mbeya. Mwanahawa hakubishana naye. Alipiga magoti akaitoa penseli, akaichonga, akaiweka mezani, akaendelea na kazi zake. Baada ya muda akasikia baba yake ananong'ona, "Ki… u… no."

Kufikia mwisho wa Agosti hakuhitaji tena kugusa karatasi. Alitazama neno huku kidole kikichora kidogo juu ya paja lake, akalisema. Alikuwa mzito, ukurasa mmoja ulimchukua karibu robo saa, lakini alifika chini. Namba alizisoma haraka zaidi ya maneno.

Shufaa alikuja kumchukua mwanzoni mwa Septemba. Alimkuta dukani, akamwambia habari za majirani, habari za mchumba wa mpwa wake, habari za paa lililovuja, zote kwa mkupuo mmoja. Kisha akanyamaza ghafla, akamshika shavu. "Umenenepa," alisema.

"Nimekuwa mwanafunzi. Wanafunzi wanakula uji."

Mwanahawa aliwafungia rundo la karatasi mpya kwenye begi, akawasindikiza mpaka stendi.

Siku kumi na mbili baadaye, saa tisa alasiri, simu yake ililia kuashiria ujumbe. Ulitoka kwenye namba ya baba yake, lakini baba yake tangu augue hakuwahi kumtumia ujumbe hata mmoja. Akaufungua amesimama.

*Mama. Nimeshona suruali tatu na sketi. Suruali moja nimerudia nilisoma tisa kwa sita. Mama yako anasema naringa. Nimesoma jina la dawa. Nimeandika mwenyewe na nimesoma mwenyewe. Nusu saa.*

Mwanahawa aliusoma mara tatu. Akamjibu kwa maneno mafupi, akiacha nafasi kubwa katikati ili asimchoshe. Mwalimu mmoja alikuwa bado anasubiri nakala zake. Akamtolea, akazihesabu, akampa. Kisha akazima printa, akafunga duka mapema kuliko siku zote, akaenda nyumbani, akavua viatu, akalala usingizi mzito mpaka adhana ya magharibi.