Mchanga Ndani ya Rili

Mama alikwishatoa hukumu: rili ya bibi ikikwama tena, bibi haendi tena kuvua ufukweni peke yake. Atatulia nyumbani kama wazee wenzake. Rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, na cha bibi mchanga ulikuwa umekikwamisha mara tatu mwezi huo. Zote tatu nilikifungua mimi. Mara ya mwisho nilibakiwa na springi mkononi, nisijue ilikotoka.

Basi tukaenda dukani, bibi na mimi, mtaalamu wake.

"Hii hapa," nilisema, nikiinua rili inayong'aa. "Ina gololi kumi na mbili ndani. Inazunguka kama pia!"

"Na hizo gololi zikiingia mchanga, nani anazitoa?"

"Mimi, bibi. Si nipo?"

"Upo, mume wangu, ila huamki mpaka jua likuchome. Samaki hawakungoji."

Muuzaji alicheka mpaka akashika meza. Nilimkata jicho, akakohoa.

Bibi akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake. Nilidhani anatoa pesa, kumbe mchanga!

"Nimimine kwenye ipi?"

"Mama, utaniulia duka!" Muuzaji aliikumbatia ile inayong'aa kama kifungua mimba wake, kisha akachomoa nyingine chini ya meza: gurudumu moja pana, mkono wa kuzungushia, skrubu moja. "Mimina kwenye hii. Ukirusha mshipi unaigeuza ubavu, ukivuta unairudisha. Basi."

"Mbaya kama sufuria," nilisema.

"Sufuria ndiyo iliyokulea," bibi akanijibu, akamimina. Rili ikasaga, kwaru kwaru. Bibi akafungua skrubu kwa vidole vyake vilivyokakamaa, akaomba maji, akasuuza, akafunga. Ikazunguka kimya. Hakikubaki kipande mkononi.

Roho iliniuma, sifichi. Kama hakuna cha kutengeneza, nani ataniita mimi?

Nyumbani mama hakuamini. Alichota mchanga mwenyewe, akamimina mpaka gurudumu likagoma. Bibi akafungua, akasuuza, akafunga, huku anatafuna karanga.

Mama akashusha pumzi. "Haya, mama. Nenda."

"Nilikuwa nakuaga tu, mwanangu. Ruhusa sikuomba." Ndoo ilikuwa tayari mkononi.

"Na mimi, bibi?"

Akageuka mlangoni, akanipima juu mpaka chini. "Njoo, kama utaniweza mwendo."

Nilimfikia kwenye kona ya pili, viatu mkononi.