Mkono wa Nyumba ya Mokami

Pa, pa, papa, pa.

Ukungu ulikuwa umeulalia Mto Mara, na Kisyeri Waitara, aliyekuwa ameshuka tu kutoka kwenye mtumbwi, hakuona hata magoti yake. Lakini sauti ile aliijua tangu hajajua kusoma: viganja vya wanawake vikipiga udongo mbichi ukutani. Kikafuata kigelegele. Akatabasamu peke yake, akajitwika sanduku begani, akaanza kupanda kuelekea Kemambo, kijijini kwa mama yake, kwa hatua za mtu anayekwenda kupongezwa.

"Wanakandika nyumba ya mama," alisema moyoni.

Alikuwa mwalimu huko Mbalibali, ng'ambo ya mto. Kijana mwenye shingo ngumu na mdomo mwepesi, mtu wa kutunga mashairi akitembea na kuyasahihisha akioga. Likizo ile ya Juni alikuwa ameipangia makubwa. Angemsalimu mama yake, kisha yeye na mwalimu mwenzake Shaaban wangekwenda Musoma kupanda meli mpaka Mwanza. Darasa la tano alikwisha kuwaahidi habari za meli hiyo.

Ukungu ulipopasuka, kijiji kipya kikaonekana, nyumba zake zimepangwa mstari kando ya barabara. Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wahamishwe kutoka kwenye miji yao ya zamani waje kuishi pamoja. Wanawake walikuwa wanakandika, ni kweli, lakini nyumba ya jirani, Heche. Ya mama yake, iliyofuata, ilikuwa imeezekwa juu, na chini ni miti na fito tu. Mbuzi alikuwa amesimama sebuleni, anamtazama.

Mama yake, Mokami, alikuwa kwenye kibanda cha nyasi, anachochea moto kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa vijiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Mkono umefanya nini?"

"Niliteleza na debe la maji. Unapona."

"Mbona hukuniletea habari?"

"Ungekuja kuufanya nini, kuufundisha hesabu?"

Kisyeri hakucheka. Alielewa. Kwa Wakurya kazi kubwa hufanywa kwa risaga: leo watu wote wako kwako, kesho wote wako kwa mwenzako. Wanaume husimamisha miti na kuezeka, na hao walikuwa wamemaliza. Kukandika ni kazi ya wanawake, na nyumba isiyotoa mkono haipati mkono. Mokami alianguka kabla hajakandika kwa yeyote. Alikuwa mjane, hana binti, hana mkwe. Mvua zikiikuta ile miti mitupu, atalala kibandani mwaka mwingine, na upepo wa kule mlimani hauna adabu kwa wazee.

Akatua sanduku, akaenda moja kwa moja kwa Gati, mke wa Heche, aliyekuwa kiongozi wa wakandikaji. Alimkuta amezama kwenye tope mpaka kwenye mashavu ya miguu.

"Shikamoo mama Rubeni."

"Marahaba, mwalimu. Usikaribie, utachafuka suruali."

"Nauliza zamu ya mama yangu."

Gati akajifuta paji la uso kwa kiwiko. "Mama yako nampenda. Lakini nikivunja utaratibu kwa ajili yake, kesho kila mtu atakuwa na mkono mbovu. Nyumba ya Mokami haijatoa mkono."

"Itatoa."

"Wa nani?"

Kisyeri akavua viatu. Akakunja suruali, akaingia kwenye tope na miguu yake yote miwili.

Wanawake waliangua kicheko mpaka wakaangukiana. Mmoja aliketi chini kabisa. "Jamani, Mokami kapata mkwe mwenye ndevu," alisema. Gati peke yake hakucheka. Alimpa kijana debe la mavi ya ng'ombe.

"Changanya. Ukitapika, tapikia pembeni."

Hakutapika. Alikanyaga udongo, samadi na majani makavu mpaka vikashikana. Bonge lake la kwanza lilianguka chini, akalirudisha, likaanguka tena, akalirudisha kwa hasira mpaka likaona haya likakaa. Siku iliyofuata alikuwa kwenye nyumba nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Asubuhi hapakuwa na kengele. Palikuwa na jogoo, viazi vya moto na maziwa ya mgando ya mama yake. Aligundua kwamba udongo wa asubuhi ni wa baridi na wa mchana ni kama mkate, na kwamba ukuta uliosawazishwa kwa kiganja chako unautamani kuupapasa tena kila unapoupita.

Wanawake waliimba kwa Kikurya, lakini wimbo wa kumtania waliuimba kwa Kiswahili, lugha yake ya kazi:

*Mwalimu kaacha chaki, samadi yamnukia.*

Waliurudia mpaka akageuka, tope mpaka kwenye nyusi, akajibu kwa sauti ya darasani:

*Mama akipata nyumba, harufu nairingia.*

Wakajikuta wanapiga vigelegele. Tangu hapo hakuna nyumba iliyokandikwa bila wao kumchokoza na yeye kuwajibu, na zilizokuwa zinangoja zamu zikaanza kudai mwalimu aje kwao pia.

Wanaume hawakupiga vigelegele. Werema, aliyetoka naye jandoni, alisimama barabarani na wenzake, mwavuli kwapani.

"Kisyeri, nilidhani tulitoka jandoni pamoja."

"Tulitoka pamoja."

"Na hiyo ni kazi ya mwanamume?"

"Mimi nilitoka nikaenda kazini. Wewe ulitoka ukaenda kusimama barabarani. Mpaka leo umesimama."

Wenzake wakamcheka Werema. Lakini usiku ule Mokami alimwambia mwanawe, bila kumtazama, "Watakuimba mpaka uzeeni. Nenda Musoma, mwanangu. Kibanda nimekizoea."

"Mimi sijakizoea," alijibu.

Shaaban alifika kwa baiskeli kutoka kwao Mugumu, shati jeupe limepigwa pasi, akamkuta rafiki yake ana rangi ya ukuta.

"Meli haitungoji, ndugu yangu."

"Iende. Utaniangalizia."

Shaaban alizunguka ile miti mitupu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa vifurushi vya bluu ya kufulia. "Baba alinipa nimpelekee shangazi Musoma. Shangazi atafua bila bluu. Ukuta huu upate urembo." Akapanda baiskeli yake, akaenda.

Likizo ikafika ukingoni. Usiku kucha Kisyeri alichota maji, na kulipopambazuka udongo ulikuwa tayari, samadi tayari, uji wa ulezi unachemka. Gati hakuwa ameahidi neno. Jua likachomoza, njia tupu. Mokami akafunika sufuria.

Ndipo wakasikika kabla hawajaonekana, nyuma ya migomba ya Heche. *Mama akipata nyumba, harufu nairingia.* Shairi lake, midomoni mwa wanawake wote wa mstari ule. Kisyeri aligeukia ukutani na kujifanya anakaza fito.

"Mwalimu," Gati alisema, "fito hiyo imekukosea nini? Sogea, tukandike."

Ilipofika mchana kuta zilikuwa zimesimama. Pande za mlango Mokami alikataza mtu asiziguse. Alizikandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, taratibu, kijiji kizima kikingoja. Kisha akakoroga bluu ya Shaaban kwenye udongo mweupe wa mtoni, akachora mawimbi kuzunguka nyumba yote. Hapakuwa na nyumba nyingine ya namna ile barabara nzima. Watu walisimama kutazama. Werema naye alikuwapo, mwavuli kwapani.

Gati alikuwa ananawa. "Jiko langu litasimamishwa miti mwezi wa kumi na mbili," alisema, kama anayesema na maji. "Sijui nani atakuwepo kulikandika."

Kisyeri alipanda juu ya debe lililopinduliwa, samadi imemkaukia mikononi kama glavu, akasema ili mpaka barabarani wasikie:

"Mama Rubeni, nikifunga shule Desemba, sanduku langu litafikia kwako kabla ya kwa mama. Jiko lako nitalikandika mchana kweupe, mbele ya wote. Na Werema nitamleta, nimemshika mkono, aje atue huo mwavuli."