Mwendo wa Bi Sumaku

Siku habari zilipoenea kwamba Bi Sumaku anatengenezewa tamthilia ya televisheni, Kinyozi alifunga duka mchana kweupe, mteja wa mwisho akiwa amenyolewa upande mmoja. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na Kinyozi kwa kutia chumvi hajambo. Lakini nilipoingia nilikanyaga nywele sakafuni, na yule ni mtu anayefagia hata ndoto zake, kwa hiyo huenda safari hii alisema kweli.

Kwa asiyemjua, Bi Sumaku ni shujaa wa vitabu vya katuni. Siku za kawaida anauza misumari na makufuli dukani kwake. Mji ukipata balaa anavaa koti la bluu, na vyuma vyote vinamtii, kuanzia pini ya nguo hadi daraja la reli. Sisi tuliokua naye tunakutana Jumamosi katika chumba cha nyuma cha Kinyozi, tunazungumza mambo ambayo majumbani kwetu walishachoka kuyasikia. Yupo Kinyozi, yupo Mwalimu anayefundisha fizikia, wapo wengine wawili watatu wanaofuata chai, nipo na mimi. Wananiita Redio kwa sababu nikishawashwa sizimiki. Kazi yangu ni kupokea simu hospitalini na kuziunganisha na wodi, na kwa kazi hiyo macho hayahitajiki. Hilo ni jambo jema, maana surua ilinizima macho kabla sijajua kusoma.

Basi siku hiyo kila mtu alimwaga wasiwasi wake.

"Watamvisha wigi," Kinyozi alisema. "Nywele za Bi Sumaku zinasimama akikasirika. Wigi halisimami, wigi linaanguka. Nawaambieni, watatuaibisha."

"Afadhali wigi," alisema Mwalimu. "Mimi naogopa watamfanya avute masufuria ya shaba. Sumaku haivuti shaba. Wakithubutu, nazima na kulala."

"Kalale sasa hivi, Mwalimu. Hawa wa televisheni hawakuuliza fizikia," Kinyozi alimjibu.

Tukacheka. Halafu Kinyozi akashusha sauti, akasema kinachomfurahisha ni kitu kimoja. Tangu utotoni amemwona Bi Sumaku amesimama juu ya karatasi, mguu mmoja mbele, mguu mmoja nyuma, wala hafiki popote. Sasa atamwona anatembea.

Hapo nami nikatia langu. "Wasiwasi wangu ni huo huo mwendo. Watampata wapi mwigizaji anayechechemea? Watamchukua mzima wamwambie aigize, na mzima akiigiza kuchechemea anachechemea mpaka mabega."

Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye kisahani.

"Anayechechemea nani, Redio?" Mwalimu aliuliza.

"Bi Sumaku. Mguu wa kushoto."

"Bi Sumaku hachechemei."

Nilidhani ananitania. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza wagonjwa mahali ilipo maabara, polepole na bila hasira. Chuma kilicho chini ya ardhi kinamvuta mguu wa kushoto, kwa kuwa sumaku huvuta na huvutwa. Ndiyo bei ya uwezo wake. Mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unaburuta kidogo: ko, shaa, ko, shaa. Nani asiyejua hilo?

Mwalimu akaleta vitabu. Nilimsikia akifunua kurasa moja baada ya nyingine, akilamba kidole, na kila alipomaliza kitabu alikiweka chini akisema, "Hakuna." Mwenye macho haambiwi tazama, nikamwambia, lakini wewe inabidi uambiwe. Picha haitembei. Utajuaje kwenye picha kwamba mtu hachechemei?

"Na wewe umejuaje kwamba anachechemea?"

Swali zuri, na nilikuwa na jibu lake. Nilijua kwa sababu dada yangu aliniambia.

Mama yetu alikuwa mfagizi katika kiwanda cha uchapaji, na nakala zilizoharibika rangi alirudi nazo nyumbani. Dada, aliyenitangulia kuzaliwa, aliniketisha kwenye ngazi ya saruji ya jikoni akanisomea. Hakusoma maneno tu. Alinipa kila picha. "Picha ya kwanza, pana. Paa la benki. Mbingu ya zambarau, nadhani wamekosea. Bi Sumaku anakuja." Mimi nilikuwa na swali moja nisiloliacha: anakujaje? Naye angenipa mwendo wake, akipiga ngazi kwa kiganja kisha akikiburuta: ko, shaa. Nilikuwa napata ubaridi mgongoni. Hata leo mtu akisema neno shujaa, sioni koti wala nywele, nasikia hatua hizo.

Dada naye anatembea hivyo hivyo. Polio ilimpitia mguu wa kushoto. Watoto wa mtaani walipomfuata wakimwigiza, nilikuwa nawaambia wajinga nyie, chuma kinamvuta, subirini mtaona. Nilipigwa mara kadhaa kwa maneno hayo na sikujuta.

Dada alikuja kunichukua jioni ile kama kawaida. Nikamwambia mbele ya wote, "Dada, hebu wasaidie hawa watu. Bi Sumaku anatembeaje?"

Kinyozi, ambaye muda wote alikuwa mwepesi wa maneno, ghafla akaanza kufagia.

"Twende, mdogo wangu," Dada alisema. "Nimeacha sufuria jikoni."

Njiani niliongea peke yangu. Nilimlaumu Mwalimu, nikailaumu elimu yote ya fizikia. Dada aliitikia "ehe" na "mm", na nikachukulia kwamba amechoka. Anauza dawa, anashinda amesimama. Kimya kingi kina mshindo, lakini siku hiyo niliupita mshindo wenyewe nikiwa na fimbo yangu mkononi.

Kituo cha televisheni kilikuwa kimetoa namba, mashabiki watume maoni yao kwa sauti. Nikatuma yangu. Nayakumbuka maneno yote kwa kuwa niliyafanyia mazoezi kazini kati ya simu na simu:

"Mimi ni msomaji wa Bi Sumaku tangu utoto, na ombi langu ni moja. Msimponye. Mguu wake wa kushoto unavutwa na chuma cha ardhini, na msomaji wa kweli anajua. Nina dada anayetembea vile vile, na kwa sababu ya Bi Sumaku sijamwonea huruma hata siku moja, nimemwonea fahari. Wapo watoto wengine wanaozihitaji hatua hizo. Tafadhali, msimponye."

Waliyacheza mchana kwenye redio ya kituo hicho hicho, yote, kisha mtangazaji akacheka na kuuliza, "Huyu bwana alisoma vitabu gani?" Wenzake nao wakacheka. Mimi sikusikia, nilikuwa kazini. Dada ndiye aliyesikia, dukani, akimpimia mtu dawa ya kikohozi.

Zamu yangu ilikwisha mapema, nikawa nyumbani aliporudi kabla ya wakati wake. Niliijua hatua yake tangu getini, nikajua pia kwamba kuna jambo, kwa sababu alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Wamekucheka redioni. Bi Sumaku hachechemei," alisema. "Mimi ndiye niliyemchechemeza."

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

"Ulikuwa unaniuliza anakujaje. Kila picha, anakujaje, anakujaje. Picha ilikuwa imesimama, mdogo wangu, haikunionyesha kitu. Na mimi sikuwa najua mwendo mwingine."

"Na chuma cha ardhini?"

"Niliona umeamini. Nikaona pia raha yake. Nyumba nzima, mtaa mzima, ulikuwa mtu pekee uliyesikia nakuja ukafurahi. Ningekuambia vipi?"

Nilikasirika. Sitasema nilielewa, maana sikuelewa. Aibu ya redioni ilikuwa ndogo, hiyo hupita na habari za kesho. Lililonikata maini ni jingine. Ninachokijua juu ya sura ya dunia nimekipata kwa kinywa cha mwanamke huyu. Rangi ya mlango wetu, jinsi wingu linavyotangulia mvua, baba alivyokuwa amelala siku tulipomzika, yote ni maneno yake. Nikamuuliza swali ambalo sikutaka kuliuliza.

"Na mama? Ulivyonieleza uso wa mama?"

Alikaa chini. Nilisikia kiti, kisha mguu ukinyooshwa.

"Mama nilikueleza alivyokuwa. Na pengo la mbele nilikutajia, na yeye akanifinya. Huyo sikumgusa. Nilimgusa Bi Sumaku tu."

Nilimwamini, lakini kwa shida, kama mtu anayekanyaga ngazi iliyowahi kuvunjika. Tangu hapo nikawa nakwenda kazini na kurudi bila kumngoja. Chakula tulikula, salamu tulipeana. Sikumwomba anieleze kitu chochote, naye hakujitolea. Nyumba ikawa imefumbwa macho kabisa.

Tamthilia ilipofika siku yake, nilisema siendi. Niende kufanya nini? Bi Sumaku wangu hakuwahi kuwapo, na wa kwao simjui.

"Utakwenda," Dada alisema. "Na mimi nitakueleza kilichopo. Sitaongeza punje."

Kwa Kinyozi palikuwa pamejaa. Televisheni ilikuwa imewekwa juu ya kabati la mafuta ya nywele, na chumba chote kilinukia spiriti na chai. Mwalimu alianza, "Redio, leo tutaona sasa nani..." na Kinyozi akakohoa kikohozi cha mtu mzima, Mwalimu akameza yaliyobaki. Nikajua kwamba Kinyozi alielewa tangu ile Jumamosi, aliposhika ufagio. Tulikaa, Dada kushotoni kwangu, karibu na sikio.

Muziki ukapanda.

"Ngazi za benki, usiku," Dada alinong'ona. "Koti la bluu, refu hadi magotini. Nywele ni zake, si wigi. Anashuka."

Nilizisikia hatua kabla hajamaliza. Ko, ko, ko, ko. Viatu vya kisigino, vikali, vya haraka, vyote viwili sawa. Watu walipiga makofi. Kinyozi alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kulia, "Anatembea, jamani, anatembea."

"Anakujaje?" nilimuuliza Dada. Sikukusudia, ulimi ulishazoea.

Alivuta pumzi. "Anatembea vizuri," alisema.

Neno hilo vizuri lilinichoma. Nilisikia alivyolisema, lilivyo safi na tupu, neno la muuza dawa anayesoma maelezo kwenye chupa. Aliniahidi kutoongeza punje na hakuongeza. Akaendelea hivyo hadi mwisho wa sehemu ile: anapanda, anaruka, lori limesimama, milango inang'oka. Kila kitu kilikuwa sahihi. Na mimi nilikuwa nimekaa kando ya mtu aliyeniambia ukweli mtupu, nikamkumbuka yule mwongo wa kwenye ngazi ya jikoni kwa uchungu ambao sikuutarajia.

Niliwaza sana pale. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kinyozi alivutia nywele kwake, Mwalimu shaba yake, na mtoto mmoja mwenye mguu mbovu alivutia mwendo. Tofauti ni kwamba wenzangu walipewa karatasi na macho, wakamtembeza kila mtu kimya kimya kichwani mwake. Wangu alitembezwa kwa kiganja juu ya saruji, na nilimsikia.

Likaja tangazo la sabuni. Watu wakaanza kubishana. Mwalimu alikuwa na malalamiko juu ya lori. Mtu aliomba chai, Kinyozi akasema birika liko mbele, na Dada, aliyetaka pengine kuondoka karibu yangu kidogo, akasema atalileta yeye.

Aliinuka. Nilimsikia akienda, kisha akasimama mbele dukani. Birika liligonga kwenye kioo. Nikaanza kumsikia akirudi juu ya ile sakafu ya saruji ambayo Kinyozi haiachi hata na unywele mmoja, kwa hiyo hakuna sauti iliyopotea.

Ko, shaa. Ko, shaa.

Ubaridi ukanipanda mgongoni, ule ule. Tangazo lilikuwa limekwisha na muziki umeanza tena, watu bado wanabishana.

"Nyamazeni," niliwaambia. "Punguzeni hiyo televisheni. Anakuja."

Kinyozi ndiye aliyeinuka akapunguza sauti. Dada alisimama mlangoni na birika mkononi, na chumba kizima kikawa kimya, kinamngoja.

"Njoo, Dada," nikasema. "Tunakusikiliza."