Salamu za Bondeni

Nyamizi hupenda kujisifu kwamba Tabora nzima hakuna mwanamke wa umri wake anayeipanda njia ya majabali kama yeye. Kisha huongeza mwenyewe kwamba wa umri wake wengi wameshakufa, na waliobaki wana akili, wanakaa majumbani.

Njia hiyo inapita ukingoni mwa genge la mawe. Chini, bondeni, ipo barabara ya zamani ya misafara, siku hizi ya baiskeli na mbuzi. Kila jioni Nyamizi na mumewe Ghalibu hupanda kwenda kulitazama jua likizama. Walianza tangu uchumba, ndugu zake Nyamizi walipoapa kwamba kijana wa Kiarabu wa mjini hatafika hata nusu.

Jioni hii binti yao Haifa alifuatana nao, na hakuja kutembea. Alikuja kukagua. Alishasema kwamba siku mama atakaposimama njiani kuhema, ndiyo mwisho wa majabali. Atembee uani, azunguke banda la kuku.

Pumzi ya Nyamizi ilikatika mapema, penye jiwe kubwa la kwanza. Akafumba mdomo isisikike. Papo hapo Ghalibu akasimama, akageukia bondeni, akainua mkono.

"Lugembe yule anatupungia," akasema. "Tumwitikie, mama Haifa. Tukipita kimya atasema tuna majivuno."

Lugembe ni jirani yao, mrina asali, mtu wa salamu ndefu: atauliza nyumba, atauliza watoto, atauliza mvua. Basi wakapunga, taratibu, mpaka kifua cha Nyamizi kikatulia. Mbele kidogo Lugembe akapunga tena. Miezi yote hii, popote pumzi ilipomkatikia Nyamizi, Lugembe alikuwapo bondeni. Nyamizi hakuwahi kumwona, macho yake hayafiki huko, wala hakuwahi kuuliza. Alichofanya ni kuubana mkono wa mumewe kidogo.

Haifa alikodoa macho, akasema yeye haoni mtu.

"Macho ya simu hayo," mama yake akamwambia. "Mbona mimi namwona? Kavaa lile shati lake jekundu, na baiskeli kaiegemeza mtini."

Nyuma ya jiwe kikasikika kikohozi. Akatokea mtu akishuka njia ileile, dumu la asali begani, shati la kijani.

"Shikamooni," akasema Lugembe. "Mnampungia nani?"

"Marahaba," akaitika Nyamizi, mkono wake ungali hewani.