Vivumbasi vya Magreth

Magreth alikuja Likombe mwaka 1968 na mumewe Lukasi, karani wa bandari, wakitokea Songea. Hawakujaliwa mtoto, na wanawake wa mtaani walimsalimia kwa mbali. Akaamua kuotesha kivumbasi. Alisia mbegu kwenye makopo, miche ilipopata nguvu akaihamishia uani, akaimwagilia maji aliyooshea mchele na kuikata vilele ili itanue matawi. Mwaka wa pili uani kulijaa vishada vya maua na nyuki, na harufu ilifika barabarani.

Hapo majirani wakaanza kuja. Mwenye mafua alichumiwa majani, aliyebanwa na kifua alichemshiwa chai. Aliyemzoea zaidi alikuwa Tabu, wa nyumba ya pili. Asubuhi nyingi walikaa pamoja jikoni kwa Magreth, wakinywa na kucheka.

Kisha Mastura, binti wa Tabu, akashikwa na homa. Magreth alileta majani, lakini alipomgusa mtoto na kukuta shingo imekakamaa, alimwambia Tabu ayaache majani, wampeleke hospitali saa ile ile. Alijitolea kumbeba yeye mwenyewe. Tabu alikataa. Hakuweza kutoka bila ruhusa ya mumewe, Shaibu, aliyekuwa amekwenda Msimbati kununua samaki.

Shaibu aliporudi, mtoto alikuwa ameshakata roho. Aliuliza mbele ya watu wa msibani mtoto alitibiwaje. Tabu alimtazama mumewe, akasema Magreth ndiye aliyeleta majani.

Maziko yalipokwisha, wanawake waliingia uani kwa Magreth na majembe. Ni wale wale waliokunywa chai yake. Waling'oa kivumbasi kimoja baada ya kingine na kuvichoma moto huku Tabu amesimama nyuma yao. Magreth alimwita kutoka mlangoni.

"Mama Mastura, waambie nilikwambia nini."

Tabu hakuinua uso. "Ulinipa majani," alisema. "Nikamnywesha."

Jioni Lukasi alikuta uani pamechimbuliwa pote. Hakuuliza nani kafanya. Alimuuliza mkewe nani alimtuma kuwazoea watu, akasema kazini wameshaanza kumnyooshea vidole. Wiki ile akampandisha basi la Masasi, kutoka huko ajitafutie gari la Songea. Alimwahidi kwamba angeomba uhamisho amfuate. Hakuomba. Mwaka haukuisha akaoa mwanamke mwingine.

Kumbe siku ile si matawi yote yaliyochomwa. Mengine yalitoka uani ndani ya khanga za wanawake. Mvua zilipoanza, vivumbasi vilichipua nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kakipata wapi. Tabu alichomeka chake nyuma ya choo. Shaibu alipobanwa na kifua, Tabu alimchemshia majani yake, akamwekea sukari, akakaa naye akimtazama mpaka akamaliza kikombe.